MWANANGU HANA SIMU, SASA HAYA KAYATOA WAPI?

SEHEMU YA 1

Niliahidi kuandika kuhusu mabinti zetu na miili yao, halafu nikapotea. Zamu za usiku zilinibana, mnisamehe. Leo naanza. Ni ndefu, kwa hiyo nimeigawa vipande vinne. Mlaze mtoto kwanza, ndo urudi usome.

Naanza na binti mmoja. Sitasema ni wapi wala lini, na vitu vidogo vidogo nimebadilisha ili asijulikane. Ana miaka 15, kidato cha pili, anasoma bweni. Aliletwa na mwalimu wa zamu baada ya kuanguka mstarini asubuhi. Sukari iko chini, presha iko chini, mikono ya baridi kama ametoka kufua. Tukapima malaria, hana. Tukapima mimba, hana (na hilo ndilo la kwanza watu wote walilifikiria, tusidanganyane). Alipopata nafuu nikampandisha kwenye mzani: kilo 36. Fomu ya afya aliyoingia nayo shule mwezi wa kwanza ilikuwa inasema kilo 49.

Hakuwa na kifua kikuu, hakuwa na minyoo. Alikuwa hali. Alikuwa anapanga foleni ya chakula kama wenzake, anachukua sahani yake, halafu anamgawia mwenzake.

Mama yake alifika jioni na basi. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi, kanga imemteleza begani, anarudia jambo moja: "Sista, huyu simu hana. Hajawahi kuwa na simu. Na mimi kwangu televisheni ni taarifa ya habari tu. Sasa haya mambo ya kujikondesha kayatoa wapi?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Nilikuwa na lile jibu letu la haraka, "dunia imeharibika mama", ambalo halimsaidii mtu. Swali lake likanikaa. Nikaanza kusoma, nikirudi nyuma mwaka hadi mwaka, na kitu cha kwanza nilichokipata kinatoka mbali sana na sisi: Fiji.

Fiji ni visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Wenyeji wake kwa desturi walipenda mwili ulioshiba. Mwanamke mwenye mwili alionekana ana watu, ana ndugu wanaomjali, anaweza kazi ya shamba. Ukipita nyumbani kwa mtu wakati wanakula, wanakuita "mai kana", njoo ule. Wewe unayesoma hapa unajua kabisa hiyo ni "karibu chakula" yetu. Na kama kwetu, wao walikuwa hawaoni haya kuzungumzia mwili wa mtu mbele yake: umenenepa, hongera, umekonda, kwani kuna nini nyumbani? Mtu kukonda ilikuwa aibu ya familia nzima, kwa sababu maana yake hatunzwi. Walikuwa hata na jina la ugonjwa wa kukosa hamu ya kula, macake. Binti akikataa chakula, ndugu wanashtuka, wanamtafutia dawa ya mitishamba.

Mmarekani mmoja, Anne Becker, daktari wa magonjwa ya akili na pia mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akienda huko tangu miaka ya 1980. Mwaka 1995 televisheni ikafika mkoa wa Nadroga, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa. Becker akaona nafasi ambayo mtafiti huipata mara moja maishani: mahali ambapo televisheni ndo kwanza inaingia. Wiki chache tu baada ya kuingia, akawapa wasichana 63 wa sekondari maswali kuhusu kula na miili yao. Wengi walikuwa na miaka kama 17. Mwaka 1998 akarudi, akawauliza wengine 65.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Mwaka 1995, wasichana waliokuwa na alama za juu za kula kwa mashaka walikuwa asilimia 12.7. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 29.2. Kujitapisha makusudi ili kupungua: mwaka 1995 hakuna hata mmoja aliyesema anafanya. Mwaka 1998, asilimia 11.3. Na karibu robo tatu yao mwaka huo wa pili walisema kuna wakati wanajiona wanene kupita kiasi. Ni miaka 3 tu, jamani. Mtoto aliyezaliwa televisheni inaingia alikuwa bado hajaanza shule.

Ni lazima niwe mkweli hapa, maana wengine mtaninukuu kwenye magrupu. Wasichana wa 1998 hawakuwa walewale wa 1995, na idadi yenyewe ni ndogo. Pia mambo mengine yalikuwa yanabadilika Fiji wakati huohuo, fedha na ajira na maisha ya vijijini. Kwa hiyo siwezi kukuambia televisheni peke yake ndiyo iliyofanya.

Lakini kilichonigusa zaidi ya takwimu ni yale waliyoyasema. Walikuwa wanatazama tamthilia za Kimarekani kama Beverly Hills, 90210 na Melrose Place, na yule Xena wa mapanga ambaye nadhani wengi wetu tunamkumbuka. Mimi nilitegemea waseme wanataka kupendwa na wavulana. Wengi walizungumzia kazi. Waliona watu wembamba kwenye televisheni wana kazi, wana nyumba, wanajiamini, na wakaona ule wembamba ndio mlango. Yaani binti wa kijijini alikuwa anafikiria maisha yake ya mbele, anamfikiria na mama yake atakayemsaidia, halafu anaacha kula.

Nikamkumbuka binti wa kilo 36. Lakini yule wa kwetu televisheni hana na simu hana. Becker naye baadaye aliliuliza swali la namna hiyo. Nitalifikia. Kwanza turudi nyumbani, maana nimegundua sisi tulianza kabla ya Fiji.

SEHEMU YA 2

Kuna watu walinipigia baada ya sehemu ya kwanza kuniambia, "Sista, haya ya kujikondesha ni ya wazungu, wetu wanataka kuwa weupe na kuwa na shepu." Sawa. Basi leo ni krimu.

Twende Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Madaktari wa Hospitali ya Kenyatta walikuwa na wagonjwa watu wazima waliovimba. Asubuhi uso na macho, jioni miguu, mkojo una povu kama la sabuni. Sisi wauguzi tukisikia hivyo tunajua kitakachofuata, tunachukua kijiti cha kupimia mkojo. Ni figo zinavuja protini. Figo ni kama chujio la nazi: tui lipite, machicha yabaki. Chujio likitoboka, kilichotakiwa kubaki kinapita, na maji yanahama kwenye damu yanaenda kukaa chini ya ngozi.

Wakawahoji wagonjwa 60. Asilimia 53 walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi, zenye zebaki. Wakaangalia na watu wengine wa kulinganisha nao, waliotumia walikuwa asilimia 11. Wakachapisha mwaka 1972 katika jarida la madaktari la Uingereza. Baadhi ya wagonjwa walipoacha krimu, uvimbe ukaondoka. Baadhi.

Zebaki ni kile kitu kinachong'aa ndani ya vipimajoto vya zamani vya kioo, ambavyo kikivunjika wodini tulikuwa tunaambiwa tusikiguse. Inazuia ngozi kutengeneza rangi, ndiyo maana mtu anang'aa. Lakini haiishii usoni. Inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inafika kwenye figo na inakaa. Unapaka usoni, ugonjwa unatokea kwenye mkojo. Na kwa mama mjamzito inafika kwa mtoto tumboni. Kwa anayenyonyesha, mtoto analala kifuani, analamba, anashika mashuka na taulo. Hii naiandika taratibu makusudi, kwa ajili ya wewe uliyejifungua juzi na unataka "kurudisha rangi".

Sasa, wagonjwa wale wa Nairobi walitoa wapi wazo la krimu? Televisheni ilikuwa ya wachache sana, na simu ya mkononi hakuna duniani. Walikuwa na majarida ya picha. Drum, lililoanzia Afrika Kusini na kuwa na toleo lake la Afrika Mashariki, lilikuwa na matangazo hayo miaka ya 1960. Matangazo yale hayakumwambia mtu "chukia ngozi yako". Hakuna mfanyabiashara mjinga hivyo. Yaliuza mambo ya kisasa, mji, mtu nadhifu aliyefanikiwa. Unaona? Kama Fiji tu. Mlango.

Na wala tangazo halikubuni mambo hayo. Lilikuta yapo. Wakoloni walikuwa wamewapanga watu kwa rangi, hospitali za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, shule hivyohivyo, mishahara hivyohivyo. Bibi zetu hawakuhitaji tangazo kuwafundisha nani anakaa mbele. Huku pwani nako, kabla ya Mzungu, utumwa ulikuwa umeshaweka maneno yake kuhusu nywele na rangi, na baadhi ya maneno hayo tunayo mpaka leo tunaposifia mtoto mchanga. Mara ngapi nimesikia wodi ya wazazi, mtoto ana saa 2 tu duniani, shangazi mtu anafunua masikio kuangalia atakuwa na rangi gani!

Tanzania tuliwahi kujaribu kulimaliza hili kwa amri. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969. Marufuku sketi fupi, marufuku mawigi, marufuku krimu za kujichubua, na kwa wavulana marufuku suruali za kubana. Sababu iliyotolewa ni kulinda utamaduni wa taifa. Hata kabla tarehe haijafika, makundi ya vijana wa kiume pale Kariakoo yalikuwa yanawashambulia wanawake kwenye mabasi kwa sababu ya nguo zao.

Mimi nina maoni yangu hapa, na mnaweza kuyakataa. Kuhusu krimu, kitabibu walikuwa sahihi, tena miaka 3 na zaidi kabla ya ile ripoti ya Nairobi. Lakini krimu iliwekwa kapu moja na sketi na wigi, vitu ambavyo havijawahi kumharibu mtu figo. Na hakuna aliyemwelezea binti habari ya figo. Alichoelezwa, kwa kuvutwa kwenye basi, ni kwamba mwili wake ni mali ya mtaa, na kila anayepita ana haki ya kuutolea maoni. Sketi fupi zilirudi. Mawigi yalirudi, tunasukwa nayo kila Jumamosi. Krimu nazo, ambazo sheria inazikataza mpaka leo zikiwa na zebaki au haidrokwinoni, zipo, tena siku hizi mtu anachanganyiwa mwenyewe dukani, sabuni na losheni na tyubu ya dawa ya hospitali ndani yake, ndo maana tunaita mkorogo. Ile dawa ya hospitali mara nyingi ni steroidi. Inalainisha ngozi haraka, halafu inaifanya nyembamba kama karatasi. Mgonjwa wa mkorogo akihitaji kushonwa kidonda, hata upasuaji wa kujifungua, nyuzi hazishiki vizuri. Muulizeni nesi yeyote wa thieta.

Ile sehemu ya "maoni ya kila anayepita" ishikeni. Ndiyo tunayoenda nayo.

SEHEMU YA 3

Sisi tulio na miaka thelathini na kitu tuna kumbukumbu moja ambayo wanetu hawana. Tulikua wakati ambapo kukonda kulikuwa kunatisha.

Miaka ya 1980 mwanzoni, maeneo ya Rakai upande wa Uganda na Kagera kwetu, watu walianza kukonda na kufa. Waganda waliuita ugonjwa huo "Slim". Mwaka 1985 jina hilo likaingia hata kwenye jarida la madaktari, Lancet. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waliandikwa Kagera mwaka 1983. Basi kwa miaka mingi baada ya hapo, mtu akipungua kidogo tu, awe na mawazo, awe na vidonda vya tumbo, awe amefiwa, mtaa mzima unanong'ona: "kaanza kupungua". Mimi nakumbuka nikiwa shule ya msingi naambiwa nyumbani, "Kula, watu watasema." Hawakusema kula upate nguvu. Walisema kula, watu watasema. Mwili wa mtoto wa miaka 9 ulikuwa cheti cha familia kwamba humu ndani hakuna ugonjwa ule.

Sasa weka hilo pembeni, uangalie kilichotokea wakati huohuo. Tanzania bara haikuwa na televisheni kabisa mpaka mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi bara tulikuwa tunasikiliza redio. Mwaka huohuo 1994 mashindano ya Miss Tanzania, yaliyokuwa yamezuiwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, yakarudi. Yaani sisi na Nadroga tumepishana mwaka 1 tu. Becker hakuja kutupima, lakini jiulize binti wa Dar wa 1994 alikuwa anasikia nini: sebuleni kioo kinamwonyesha msichana mrefu mwembamba aliyevikwa taji, nje majirani wanahesabu mifupa ya shingo yake. Wembamba uleule ni ushindi na ni maiti.

Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, taratibu ile hofu ilipungua. Wagonjwa wakanenepa, wakarudi kazini, wakaoa na kuolewa. Nadhani, na hii ni ya kwangu, hapo ndipo wembamba ulipopata nafasi ya kuwa urembo tu bila kivuli cha kaburi. Wanetu waliozaliwa baada ya hapo hawajui kwa nini bibi anapiga kelele binti akikonda. Wanaona bibi ni mshamba. Bibi anaona mazishi.

Haya, turudi Fiji. Becker na wenzake walitoa utafiti mwingine mwaka 2011, safari hii wasichana 523. Waliuliza maswali ya aina mbili. Wewe nyumbani unatazama nini? Na marafiki zako, wao wana televisheni, wanatazama kiasi gani? Kisha wakaangalia ni nani mwenye dalili za kula kwa mashaka.

Msichana ambaye marafiki zake walikuwa karibu sana na hayo mambo, uwezekano wake wa kuwa na dalili ulikuwa juu kwa takriban asilimia 60, hata ukitoa kabisa kile anachokitazama yeye mwenyewe. Kwa hiyo hata kama televisheni haipo kwake, picha ilishamfikia. Ilipita kwa rafiki, ikatoka kama utani, kama ushauri, kama "hebu tupimane".

Nilipoisoma hiyo nilikumbuka yale binti aliyoniambia siku ya tatu, saa 8 usiku, wodi imetulia, nimekaa naye nikikunja pamba. Bweni lao ni wasichana 40. Mmoja alirudi kutoka likizo na daftari. Amenakili kutoka kwenye simu ya dada yake: siku ya kwanza maji na chungwa, siku ya pili chai kavu, na kadhalika. Daftari likazunguka bweni zima. Wakawa wanapimana viuno kwa kamba ya chandarua, wanafunga fundo kila mmoja lake. Huyu wangu fundo lake lilikuwa la tatu kutoka mwisho kwa unene. Simu moja, tena iliyobaki mjini, na wasichana 40 wanakaa njaa.

Kwa hiyo mama yule alikuwa anasema kweli. Simu hana.

Siwatetei wenye mitandao. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook, wenye Instagram, zilivuja kupitia mfanyakazi wao Frances Haugen. Moja ilionyesha kwamba asilimia 32 ya wasichana walisema wanapokuwa tayari wanajisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram inawafanya wajisikie vibaya zaidi. Kampuni ilikuwa inajua. Lakini ukisoma vizuri kuna maneno "wanapokuwa tayari wanajisikia vibaya". Tayari. Nani aliwatangulia?

SEHEMU YA 4

Hii nimeichelewesha kwa sababu ni ngumu kuiandika.

Usiku uleule nilimuuliza binti: kabla ya daftari, ulikuwa unauonaje mwili wako? Akacheka kidogo, akasema alikuwa hauoni kabisa. Mpaka likizo ya mwezi wa sita, kwenye maandalizi ya harusi ya ukoo. Fundi amekuja kupima sare, kitenge kimeshakatwa vipande kwa idadi. Shangazi yake akasema mbele ya watu, "Huyu kibonge mpimeni mwisho, tusije tukaishiwa kitambaa." Watu wakacheka. Akaniambia, "Na mama alicheka." Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetaja tarehe.

Shangazi yule nina hakika anampenda. Na kwa kizazi chake, "kibonge" ni sifa, kama Fiji ya kabla ya 1995, kama "kula watu watasema" ya mama yangu. Binti amelisikia neno hilohilo kwa masikio mengine. Mama alipocheka alicheka kama tunavyocheka wote. Mimi nina binti wa miaka 8 na wiki iliyopita nilijisikia nikisema mbele yake, "Nesi mwenzangu kafumuka huyo!" Akaniuliza, "Mama, kufumuka ni kubaya?" Nikabadilisha mazungumzo. Nesi mzima.

Mama wa binti nilimwambia kuhusu sare. Nilifikiria sana kama nimwambie. Hakulia. Alikaa, akasema, "Kumbe alisikia."

Sasa ya kazi, maana najua wengi mmekuja kwa hili.

Binti anayejinyima huwa hasemi. Utaona anagawa chakula, anakula akiwa peke yake, anasema kashiba kabla hajaanza. Anaenda chooni kila baada ya kula. Anavaa sweta kwenye joto, kwa sababu baridi inamsumbua na pia anajificha. Hedhi iliyokuwa inakuja inakata, na hapo wewe unawaza mimba. Nywele zinanyonyoka. Akisimama ghafla anaona kizunguzungu.

Ukigundua kakaa na njaa wiki nyingi, tafadhali usimjazie sahani kwa mkupuo. Najua mkono wa mama. Mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula ghafla, madini kwenye damu yanavurugika na moyo unaweza kuyumba. Mlete hospitali apimwe, aanze kidogo kidogo chini ya uangalizi. Huyu wetu alianza na uji mwepesi kwa vipimo, kila baada ya saa chache, na damu inapimwa.

Anayepaka mkorogo: uso kuvimba asubuhi, mkojo wa povu, njoo tupime mkojo. Kipimo ni cha dakika chache. Uje na kopo lenyewe, usilitupe kwa aibu.

Na wale wa kutafuta shepu kwa vidonge vya kunenepesha. Vingi vinavyouzwa mtaani kwa ajili hiyo ni dawa za mzio na steroidi, ambazo zina kazi yake kwa wagonjwa. Zinaleta hamu ya kula na kujaza maji usoni na mwilini. Aliyezitumia muda mrefu asiache ghafla peke yake nyumbani, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza steroidi yake na anaweza kuzimia. Aje tumshushe dozi polepole. Hakuna atakayemgombeza, na kama yupo atakayemgombeza, aniulizie mimi.

Binti alikaa kwetu siku 11. Alitoka na kilo 38 na nusu. Kliniki ya kwanza alikuja na 40, ya pili 39 (mitihani), ya tatu 42. Bado anaenda kwa mshauri wa saikolojia kila mwezi. Bwenini matroni alilichukua daftari, akaita wazazi wa wote bila kumtaja mtu, nampa hongera kwa hilo.

Kliniki ya tatu walikuja na shangazi. Mzani wetu uko mlangoni, kila mtu kwenye benchi anasikia namba ikitajwa. Miaka yote nimekuwa nikiitaja kwa sauti ili mwenzangu aandike. Siku ile nikaandika mwenyewe kwenye kadi, nikamkunjia, nikampa mkononi. Shangazi akanyoosha shingo aone, akajizuia, akamuuliza binti, "Eti shule mlishafunga hesabu mpaka mada ya ngapi?"

Kesho naingia usiku mpaka Ijumaa. Maswali yenu nitayajibu Jumamosi mchana, nikishalala.